Itumbe: Gari la Marehemu na Mteremko wa Majani Chai



Mtu wa pwani akifika Itumbe, kitu cha kwanza anachokikosa si bahari bali ni tambarare. Kwetu mtoto huweka mpira chini akaukuta pale pale alipouweka. Huku ukiuweka chini uuage, maana utaufuata bondeni. Nyumba zimejengwa kwenye vifua vya vilima, migomba imesimama moja juu ya nyingine kama inayopanda ngazi, na mashamba ya majani chai yameshuka hadi vijitoni kama zulia lililokunjuliwa kutoka juu. Udongo ni mwekundu, mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, na baridi ya alfajiri humfanya Mmombasa aulizie sweta.

Itumbe imo katika nchi ya Wagusii, Kaunti ya Kisii, na wengi huijua kwa kiwanda chake cha chai, kimojawapo cha viwanda vya wakulima wadogo vilivyo chini ya KTDA katika Kisii na Nyamira. Mkulima wa hapa hana mashamba makubwa kama yale ya Kericho. Aghalabu ana kipande kidogo alichorithi, anachuma majani kwa mkono, anayabeba mgongoni hadi kituo cha kupimia, na kutoka hapo gari huyachukua hadi kiwandani siku ile ile, kabla hayajaharibika. Kwa hiyo magari ya Itumbe hayapumziki, na njia zao zote ama zinapanda ama zinashuka.

Nilialikwa huko mwezi wa Agosti, wakati wa likizo ya shule, kuwasomesha kwa wiki moja walimu wa madrasa ndogo. Waislamu ni wachache katika Gusii, lakini wapo, na ukarimu wao haukuwa mchache. Nilisafiri na mtoto mkubwa wa nyumba iliyonialika, ambaye ni jirani yangu Mombasa kwa miaka mingi. Tulipanda treni hadi Nairobi, kisha tukachukua gari kupitia Mai Mahiu, Narok, Bomet, Sotik na Keroka hadi mji wa Kisii, na kutoka hapo tukaingia njia za ndani.

Katika mteremko wa Bonde la Ufa, karibu na kile kikanisa kidogo kilichojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, malori yalikuwa yakiteremka taratibu kwa gia nzito. Harufu ya breki zilizoungua ikatuingilia hadi ndani ya gari. Jirani yangu akafunga dirisha. Siku hiyo sikujua kwamba harufu hiyo ndiyo ingekuwa maudhui ya mazungumzo yetu kwa wiki nzima.

Tulifika magharibi ikiingia. Kijana aliyetupokea, mdogo wake jirani yangu, aliniambia kwa furaha, "Karibu Sheikh, baba anakusubiri jikoni." Nilishtuka, kwa kuwa nilijua baba yao alifariki 2019, na mimi mwenyewe nilihudhuria hitima yake kwa jamaa wa Mombasa. Nduguye akacheka mpaka akaegemea mlango. Kumbe katika Kigusii "baba" ni mama, na baba huitwa "tata". Jikoni nikamkuta bibi mtu mzima, mtulivu, akisonga obokima, ugali wa wimbi, na kando yake sufuria ya chinsaga, mboga chungu ambayo mtu huipenda kuanzia siku ya pili.

Nje, chini ya kibanda cha mabati, ndipo lilipokuwa gari la marehemu.

Ni Land Rover Series III, aina iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985; hili ni lile refu, ambalo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma lina inchi 109, na injini yake ni ya petroli ya lita 2.25. Marehemu alikuwa dereva bandarini Mombasa, huko ndiko alikosilimu na kuoa, na aliporudi kwao alilinunua gari hili katika mnada wa magari ya serikali. Kwa takriban miaka 40 lilibeba majani chai, mawe ya kujengea, maharusi, wajawazito usiku wa manane, na majeneza. Watu wazima wa Itumbe wakilisikia likipanda hulijua kwa sauti kabla hawajaliona.

Gari hilo lilikuwa na breki za dramu katika magurudumu yote manne, kama lilivyotoka kiwandani. Na hapo ndipo ndugu wawili hawa walipokuwa wakigombana tangu mwezi wa Mei.

Jumamosi moja ya Mei, mvua ikinyesha, mdogo mtu alikuwa akiwarudisha nyumbani watoto 11 wa madrasa. Katika kona ya tatu ya mteremko kanyagio la breki likazama hadi sakafuni na gari halikupunguza mwendo. Akalisukuma kwenye ukingo wa shamba la chai, vichaka vya michai vikalipokea, likasimama likiwa limeinama ubavu. Hakuumia hata mmoja. Mtoto mmoja alipoteza kiatu, na wazazi wawili wakaacha kuleta watoto madrasa.

Tangu siku hiyo mdogo mtu alikuwa na nia moja: magurudumu ya mbele yaondolewe dramu, yatiwe breki za diski. Jamaa yao aliyeko Uingereza alimnunulia seti iliyotengenezwa mahususi kwa gari la aina hiyo: diski mbili, kalipa mbili, mabano ya kuzishikilia, na mipira mipya ya kupitishia mafuta. Seti ilifika, ikakaa stoo miezi miwili. Mkubwa mtu alikataa isifunguliwe.

Hoja za mkubwa hazikuwa za kipuuzi, na ni haki nizieleze. Alisema tata alimwachia wasia wa maneno kwamba gari lisichezewe. Alisema kila fundi wa kijijini anaijua dramu na anaweza kuitengeneza kwa spana mbili na nyundo, lakini pedi na kalipa zikiharibika zitafuatwa Nairobi, Barabara ya Kirinyaga. Akaongeza kwamba magari ya kale sasa yana thamani, wapo wanaoyapeleka kwenye maonyesho ya kila mwaka ya Ngong Racecourse, na gari lililobaki katika asili yake hutafutwa kuliko lililobadilishwa. "Dramu hizi zimemshusha tata miaka 40, Sheikh," akaniambia. "Leo ndiyo zimekuwa adui?"

Mdogo akajibu kwa adabu lakini kwa uchungu: "Kaka, wewe gari unaliona mara mbili kwa mwaka. Mimi nalishusha kila siku na watoto wa watu."

Kisha wote wawili wakanigeukia nitoe hukumu. Nikawaambia kwamba anayeulizwa jambo la chuma hana budi kumuuliza kwanza mjuzi wa chuma. Akaitwa fundi kutoka mji wa Kisii, mtu wa makamo ambaye ametengeneza malori ya majani chai tangu ujana wake. Nayaandika hapa aliyotufundisha, kwa kuwa wasomaji wetu wengi wana Peugeot, Volkswagen au Land Rover za wazee wao zilizoegeshwa uani, na wengi wetu hupanda bara na familia bila kujua kinachotusimamisha.

Dramu, alisema, ni ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna vipande viwili vya chuma vilivyopinda, ambavyo mafundi huviita viatu, na mgongoni vimevikwa kitambaa kigumu cha msuguano. Ukikanyaga, mafuta ya breki huvisukuma viatu nje, vikasugua ukuta wa ndani wa ngoma. Diski ni sahani ya chuma iliyo wazi, na kalipa huibana kwa pedi mbili, moja kila upande, kama vidole viwili vinavyobana chapati.

Dramu ina fadhila yake. Kiatu kinachotangulia huburutwa na mzunguko wa ngoma kikajikaza chenyewe, hivyo mguu wa dereva hauhitaji nguvu nyingi. Kasoro yake ni joto. Kusimamisha gari ni kuugeuza mwendo wake kuwa moto. Fundi alitaka tulielewe jambo hili kwa hesabu, nasi tukakaa na kalamu. Chukua gari lenye kilo 2,000 pamoja na abiria na mzigo, lishushe kimo cha mita 300 kwa breki peke yake. Joto linalopatikana linatosha kuchemsha takriban lita 17 za maji ya baridi, yaani ndoo karibu nzima. Kwa dramu, joto hilo lote limefungiwa ndani ya ngoma pamoja na viatu.

Ngoma ikipata moto hutanuka, ukuta wake ukajitenga na viatu, na kanyagio likahitaji safari ndefu zaidi. Kitambaa cha viatu nacho kikipita kiasi chake cha joto huteleza badala ya kusugua. Na mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka. Yakipata moto, maji yaliyomo huchemka yakawa mvuke, na mvuke hubonyea. Hapo dereva hukanyaga hewa. Ongeza maji ya mvua yanayoingia ngomani yasipate pa kutokea, na umepata habari kamili ya Jumamosi ile ya Mei.

Diski haina kificho hicho. Iko wazi kwa upepo, hupoa upesi, maji huyatupa kwa mzunguko wake, na ikitanuka kwa joto hutanuka kuelekea pedi, si kuzikimbia.

Maarifa haya si mapya. Mwingereza Frederick Lanchester alisajili hataza ya breki ya diski 1902, mwaka ule ule ambao Louis Renault anatajwa kwa kuitengeneza dramu ya aina tunayoijua. Lakini barabara na madini ya wakati huo hayakuwa tayari kwa diski, na dramu ikatawala kwa miaka 50. Katika 1953, mwaka ambao mashindano ya Safari yalianza Afrika Mashariki, gari la Jaguar lenye breki za diski lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, na ulimwengu ukaona kwamba anayeweza kuchelewa kukanyaga breki humpita aliyelazimika kukanyaga mapema. Mwaka 1955 Citroën wakaitia diski katika magurudumu ya mbele ya gari lao la DS. Land Rover wenyewe walitoa Range Rover ya 1970 ikiwa na diski pande zote nne, lakini yale magari yao ya kazi yalibaki na dramu hadi 1983, ilipotoka ile ya inchi 110 ikiwa na diski mbele. Kwa hiyo hata waliolitengeneza gari la marehemu waliibadilisha rai yao.

Baada ya darsa hilo, mkubwa mtu alikaa kimya, lakini nilimwona hajaridhika. Hoja ya chuma ilikuwa imemshinda, ila hoja ya wasia ilikuwa bado moyoni mwake. Nami sikuona vyema kumsukuma. Wanazuoni wana kanuni ambayo mwanafunzi wa fiqhi huipata mapema, kwamba madhara hayana budi kuondolewa, na kwamba kuzuia madhara hutangulizwa mbele ya kutafuta manufaa. Niliitaja, nikasema pia kwamba mambo mawili haya nisingeyahukumu kabla ya kumsikiliza aliyeishi na marehemu.

Usiku, baada ya chakula, mama yao akasema. Nitayaweka maneno yake kama nilivyoyafahamu.

"Mnasema tata alisema gari lisichezewe. Ni kweli. Lakini paa lile la turubai alilitoa yeye akatia la bati. Viti vya nyuma alivitengeneza seremala wa hapa. Kabureta ilibadilishwa mwaka ule mlipokuwa sekondari. Aliyoyaona yanahitaji kubadilishwa aliyabadilisha. Alichowakataza ni kulichezea kwa kujionyesha."

Akanyamaza kidogo, akamtazama mkubwa.

"Na jambo jingine mmelisahau nyote wawili. Tata wenu alikuwa hateremki na watu. Akifika pale juu penye mwarobaini wa fundi cherehani alisimama, akawaambia wote washuke, watembee hadi daraja la chini. Mvua au jua. Watu walimsema, wakamwita mwoga. Yeye akashuka peke yake kwa gia ya kwanza, akawangoja chini. Hiyo ndiyo iliyokuwa breki yake. Ninyi mmeweka chuma mkaacha ile desturi."

Hakuna aliyesema neno. Mimi nilitazama taa, kwa kuwa nilijua maneno hayo hayakuwahusu wanawe peke yao. Mara ngapi sisi tunaorithi hushika chombo cha mzee tukaiacha hekima iliyokifanya chombo hicho kisidhuru? Dramu za marehemu zilikuwa zile zile. Kilichopungua ni ile miguu iliyokuwa ikishuka garini pale juu.

Mkubwa mtu aliinama, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, mbuya mono," yaani ahsante sana, mama. Asubuhi yake yeye mwenyewe ndiye aliyefungua stoo na kuitoa seti.

Kazi ilichukua siku tatu, nami baina ya darasa na darasa nilikuwa nikiketi kwenye gogo kuitazama. Fundi aliinua gari juu ya vigogo imara, si juu ya jeki peke yake. Kabla ya kufungua ngoma aliimwagia maji na kulipangusa vumbi kwa kitambaa kibichi. Vitambaa vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa pumuzi hudhuru mapafu miaka mingi baadaye. Kwa hiyo alimkaripia kijana aliyetaka kulipuliza kwa pampu ya upepo. Nawaomba wazazi wenye watoto wanaofanya kazi gereji wawakumbushe jambo hili.

Ngoma zilipofunguliwa sababu ikaonekana. Sili ya mafuta ya upande mmoja ilikuwa imechoka, mafuta ya ekseli yamevuja hadi kwenye viatu, na viatu vimeng'aa kama kioo. Fundi akasema hata kama tungezirudisha dramu, kazi hii ya sili ilikuwa lazima. Anayefunga diski mpya juu ya sili inayovuja atalowesha pedi mpya kwa mafuta yale yale.

Kisha akatufafanulia kwa nini hakukubali kufunga diski na kalipa tu akaishia hapo, kama wafanyavyo baadhi ya watu. Masta silinda ya dramu aghalabu huwa na vali ndogo inayobakiza shinikizo katika mabomba ili viatu visirudi mbali na ngoma. Shinikizo hilo likienda kwenye diski, pedi haziachii. Zinaendelea kusugua njia nzima mpaka zinaungua. Pia diski haijikazi yenyewe kama kiatu cha dramu, kwa hiyo huhitaji nguvu kubwa zaidi, na nguvu hiyo hutolewa na sevo, chungu cha chuma kinachotumia mvuto wa hewa ya injini kuusaidia mguu. Gari la marehemu halikuwa na sevo. Tena lilikuwa na mkondo mmoja tu wa mafuta, hivyo bomba moja likipasuka magurudumu yote manne hukosa breki. Ikafungwa masta silinda mpya yenye mikondo miwili, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, pamoja na sevo yake.

Dramu za nyuma zilibaki. Uzito wa gari linaloshuka hulalia mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi. Lakini nyuma nako kulitiwa viatu vipya na vali ya kupunguza shinikizo, ili magurudumu ya nyuma yasifunge kabla ya yale ya mbele na kulifanya gari lizunguke kwenye tope. Breki ya mkono haikuguswa. Katika Land Rover hizi haiko kwenye magurudumu bali ina dramu yake peke yake nyuma ya gia, kwenye shafti ya kuelekea ekseli ya nyuma. Ni ya kulishikilia gari lililosimama. Kuivuta gari likiwa katika mwendo kunaweza kuvunja vyuma vya ndani.

Mabomba ya zamani yaliyokuwa na kutu yalitupwa yote. Mafuta mapya yaliyotiwa ni ya daraja la DOT 4, na hewa ikatolewa gurudumu baada ya gurudumu, kijana mmoja akikanyaga na fundi akifungua skrubu, mpaka kanyagio likawa gumu na la juu. Jirani mmoja aliyekuja kutazama alisimulia kwamba yeye mafuta yakipungua huongeza mafuta ya injini. Fundi alimwambia aache siku hiyo hiyo, kwa kuwa mafuta ya injini huivimbisha mipira ya breki ikaharibika yote.

Siku ya nne lilijaribiwa, na sikuwahi kuona subira kama ile. Kwanza kwenye uwanja wa shule, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kisha barabara ya juu iliyo sawa, akilipandisha hadi kilomita 50 kwa saa na kulipunguza taratibu, mara nyingi, akipumzisha katikati, ili pedi na diski zizoeane. Ndipo likashushwa mteremko, likiwa limepakiwa magunia ya mchanga yenye uzito wa watoto, na ndani mna fundi peke yake. Katika kona ya tatu, mbele ya michai iliyovunjika mwezi wa Mei na sasa imeanza kuchipua, alilisimamisha kabisa. Akaliachia, akalisimamisha tena chini ya hapo. Lilisimama mara zote, limenyooka, bila kuvuta upande.

Mdogo mtu aliomba sasa awapande watoto. Mama yao, aliyekuwa amesimama juu na leso yake mabegani, akasema watoto watashuka garini pale pale alipokuwa akiwashusha tata wenu, na watatembea hadi darajani kila siku ya mvua. Siku ya kiangazi watapanda, na gari litateremka kwa gia ya pili. Hakuna aliyempinga. Jumamosi iliyofuata wale wazazi wawili walileta watoto wao.

Zile dramu mbili za mbele hazikuuzwa chuma chakavu. Mkubwa mtu alizipaka mafuta, akazifunga katika gunia pamoja na vipande vyake vyote, akaziweka stoo. Akiamua siku moja kulirudisha gari katika asili yake kwa ajili ya maonyesho, vyuma vipo. Naona hilo ni jambo jema kwa kila anayebadilisha gari la mzee wake: asikate wala asichomelee kitu kisichorudishika. Na mabano yawe yale yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Bano lililochomelewa kwa kukisia, fundi alisema, ndilo atakalokataa kulifunga hata akilipwa mara mbili.

Ndugu msomaji, likizo ya Desemba haiko mbali, na familia nyingi za pwani zitapanda bara kwa arusi na kuzuru jamaa. Magari yetu hukaa kando ya bahari. Chumvi ya hewa hula mabomba ya breki kutoka nje, na unyevu huingia katika mafuta yake kutoka ndani. Kwenye barabara yetu iliyo sawa kasoro hizo hujificha mwaka mzima, kisha hujitokeza Mai Mahiu. Kabla ya safari mwambie fundi wako ayatazame mabomba na mipira kwa macho yake, na aibadilishe mafuta ya breki ikiwa imepita miaka miwili. Mwenye gari la kale aliyebadilisha breki alipeleke kwenye kituo cha ukaguzi wa magari, na aiarifu kampuni ya bima, wasije wakamkana siku ya haja. Ukifika juu ya mteremko, ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka, wala usingoje mwendo ukuzidi. Ukisikia ile harufu ya kuungua, simama mahali salama uzipumzishe breki. Usizimwagie maji, kwa kuwa chuma chenye moto kikimwagiwa maji hupinda au hupasuka.

Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, si mbali na nchi hii ya Gusii, lori liliacha njia likaingia katika watu waliokuwa kando ya barabara, wakafa zaidi ya 50. Wengi wao walikuwa wachuuzi na wasafiri waliosimama tu. Tuwakumbuke hao kila tunapolipa fundi na kuona bei ni kubwa. Breki ya gari langu ni haki ya mtu nisiyemjua aliyesimama katika kona inayofuata.

Wabillahi tawfiq.